Jua Peke Yake Halitoshi: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Vitamini D na Wanamichezo Wenye Ulemavu

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinazunguka jambo moja, vitamini D. Tumechagua zile za wanamichezo wa mashindano wenye ulemavu, makocha wao na wazazi wao. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuota jua na kusikiliza mwili, na ushauri huo huwakosea hao kuliko wengine. Barua zenyewe zitaonyesha kwa nini.

Nimepima vitamini D nikapata 42. Mwenzangu wa timu anasema kuanzia 30 mtu yuko sawa. Daktari wa timu anasema niko chini na ameniandikia vidonge. Nimsikilize nani? Nacheza mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Uti wangu wa mgongo uliumia kifuani, T4 (pingili ya nne ya kifua).
*Mchezaji wa pembeni*

Ndugu yetu, msikilize daktari, ila mwenzako naye hajadanganya. Tazama kando ya hiyo 42 pameandikwa nini. Maabara nyingine hutoa majibu kwa nanogramu kwa mililita (ng/mL), nyingine kwa nanomoli kwa lita (nmol/L), na ng/mL 1 ni sawa na nmol/L 2.5. Ile 30 ya mwenzako ni ya ng/mL. Kwa nmol/L ni 75. Kama karatasi yako ni ya nmol/L, na maneno ya daktari yanaashiria hivyo, basi 42 yako ni takriban ng/mL 17. Huo ni upungufu.

Mipaka yenyewe ina ubishi wake. Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema ng/mL 20 inawatosha karibu watu wote, na kwamba hatari kubwa iko chini ya 12. Mwaka huohuo chama cha wataalamu wa homoni, Endocrine Society, kilisema chini ya 20 ni upungufu, kati ya 21 na 29 haitoshi, na mtu alenge 30. Mwongozo wao wa 2024 umeacha kuitetea mipaka hiyo kwa watu wenye afya kwa jumla. Madaktari wengi wa michezo wameendelea kulenga 30, na kwa mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo tunakubaliana nao, kwa kuwa mifupa ya miguu yake haina ziada ya kuchezea. Wabishane juu ya 28 au 32 wakitaka. 17 haina mtetezi.

Hakikisha pia kilichopimwa ni 25(OH)D, yaani akiba iliyotengenezwa na ini. Kuna kipimo kingine, cha 1,25, ambacho ni homoni iliyokamilishwa na figo. Hicho hakifai kupimia akiba. Akiba ikipungua, homoni ya tezi za parathiroidi hupanda na kuisukuma figo ifanye kazi zaidi, hivyo namba hutoka nzuri, pengine hata juu, wakati ghala ni tupu.

Sasa dozi. Kwa mtu mzima mwenye upungufu, njia mbili hutumika sana: IU (vipimo vya kimataifa vya vitamini) 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki 8, au IU 6,000 kila siku kwa wiki hizohizo 8. Baada ya hapo hufuata dozi ya kushikilia, IU 1,500 hadi 2,000 kwa siku. Chupa ikiandikwa mikrogramu, zidisha kwa 40: mikrogramu 25 ni IU 1,000. Watafiti wa Uswisi waliochapisha kazi yao mwaka 2016 waliwapa wanamichezo wa viti vya magurudumu IU 6,000 kila siku kwa wiki 12, na akiba ya damu ikapanda.

Pengine utajiuliza kwa nini usianze na dozi ndogo. Hesabu ya kukadiria ni kwamba kila IU 100 kwa siku huinua akiba kwa ng/mL 1 hivi, baada ya miezi kama mitatu. Kutoka 17 hadi 35 ni hatua 18, yaani IU 1,800 kwa siku. Utafika, ila polepole, na mwenye mwili mkubwa au mafuta mengi mwilini atachelewa zaidi kwa sababu vitamini hii hujificha kwenye mafuta. Ndiyo maana daktari huanza na dozi ya kujaza ghala.

Mambo matatu huharibu tiba hii. La kwanza ni hatari: kidonge cha wiki kumezwa kila siku. Hiyo ni IU 350,000 kwa wiki. Andika siku ya kumeza juu ya boksi kwa kalamu nene. La pili ni kumeza tumbo likiwa tupu. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo imeze pamoja na mlo wenye mafuta kuliko yote ya siku hiyo. La tatu ni kuacha boksi likiisha. Akiba hupungua kwa nusu katika wiki 2 hadi 3 hivi isipoongezwa, kwa hiyo ukisahau dozi ya kushikilia, miezi miwili tu inatosha kukurudisha karibu na ulikotoka. Pima tena kati ya wiki ya 8 na ya 12. Ukipima wiki ya tatu utapata namba ambayo bado iko safarini.

Tunawatoa wachezaji nje kuota jua kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi, kabla ya mazoezi ya ukumbini. Miezi mitatu imepita na vipimo havijasogea. Wengi wana ngozi nyeusi, wanne wana majeraha ya uti wa mgongo, wawili wamekatwa mguu mmoja. Tunakosea wapi?
*Kocha wa viti vya magurudumu*

Kocha, saa ndiyo kosa la kwanza. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa miale ya urujuanimno aina ya B, yenye mawimbi ya nanomita 290 hadi 315 hivi. Jua likiwa chini, miale hiyo hupita masafa marefu hewani na tabaka la ozoni huimeza karibu yote. Joto mnalipata, mwanga mnaupata, lakini kile mlichokifuata hakijashuka. Kipimo rahisi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko urefu wa mtu mwenyewe, ngozi haitengenezi cha maana. Kwa mchezaji aliyeketi, tumieni fimbo iliyosimamishwa wima. Kioo cha dirisha nacho huzuia miale hiyo, kwa hiyo kuketi kwenye ukumbi wenye madirisha makubwa hakuhesabiwi. Na kwenye nchi za mbali na ikweta, kuanzia nyuzi 37 hivi kaskazini au kusini, zipo wiki za majira ya baridi ambazo hata adhuhuri haisaidii. Timu ikienda kambi ndefu huko, safari hiyo iingie kwenye hesabu.

La pili ni ngozi. Melanini, rangi nyeusi ya ngozi, ni mwavuli mzuri dhidi ya kuungua, na mwavuli huohuo hupunguza utengenezaji wa vitamini D. Dakika 10 hadi 30 za jua la mchana, mara mbili au tatu kwa wiki, mikono na mabega yakiwa wazi, huweza kumtosha mwenye ngozi nyepesi. Mwenye ngozi nyeusi sana anaweza kuhitaji muda huo mara kadhaa. Aliyekatwa mguu ana eneo dogo zaidi la ngozi, na kigutu kimefunikwa na soksi na kikombe cha mguu wa bandia. Ukimwacha na jezi ya mikono mirefu, umebaki na uso na viganja.

Hapo wengi husema basi, tutoke saa sita mchana. Kwa wale wanne wenye majeraha ya uti wa mgongo, subiri kwanza. Mtu aliyeumia pingili ya sita ya kifua (T6) au juu yake hatoi jasho vya kutosha chini ya jeraha, na mishipa yake haipanuki ipasavyo kupoza damu. Joto la mwili hupanda akiwa ameketi tu, hata kabla hajasukuma gurudumu. Tena, ngozi isiyohisi huungua bila kumwambia mwenyewe. Bomba la kiti lililopashwa na jua linaweza kuunguza paja, na kidonda hicho kitamtoa mazoezini kwa wiki nyingi. Hakuna kiwango cha vitamini D kinachostahili bei hiyo.

Uamuzi wetu ni huu. Wenye jeraha la T6 na juu wategemee kidonge, na jua liwe la bahati. Wenye jeraha la chini zaidi, na waliokatwa viungo, watumie jua la kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kwa dakika chache, wakianika sehemu zinazohisi, yaani mikono, mabega na mgongo wa juu, na waondoke kabla ngozi haijawaka. Miguu isiyohisi ifunikwe. Wekeni karibu chupa ya kunyunyizia maji na taulo lililoloweshwa. Akianza kuumwa kichwa, kuwa mwekundu usoni au kupata kizunguzungu, mwingizeni kivulini mara moja na mpozeni. Kikao cha asubuhi mkitaka endeleeni nacho kwa ajili ya hewa safi, maana hakina ubaya.

Nina ualbino, nacheza golboli. Nimeambiwa kwa kuwa najifunika kila saa lazima nitakuwa na upungufu, hivyo niote jua kidogo kidogo. Ni kweli?
*Kijana wa golboli*

Usiote. Ngozi isiyo na melanini hutengeneza vitamini D kwa mwanga mdogo sana, ule unaokupata njiani tu, kwa hiyo upungufu kwako si lazima. Pima. Ukiwa chini, kidonge kitafanya kazi hiyo bila kukuongezea hatari ya saratani ya ngozi. Kofia, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua vibaki palepale.

Mwezi wa kwanza nilipima nikapata ng/mL 31. Wiki tano baadaye, maabara nyingine, nikapata 19. Sikubadilisha dozi. Katikati hapo niliugua maambukizi ya njia ya mkojo yenye homa. Nimepungukiwa kweli au maabara imeniharibia?
*Mwogeleaji, nina jeraha la uti wa mgongo*

Dada, una sababu mbili za kutoiamini hiyo 19, na ya tatu, ya kuitilia shaka ile 31, tutakuongezea sisi.

Homa na uvimbe wa ndani hushusha 25(OH)D kwenye damu kwa muda. Maambukizi ya mkojo yenye homa, kidonda cha mgandamizo kinachochemka, au upasuaji wa karibuni vyote vinaweza kufanya hivyo. Hilo linawagusa sana watu wenye jeraha la uti wa mgongo, kwa kuwa kwao maambukizi hayo ni mgeni wa mara kwa mara. Ukilazimika kupima wakati huo, omba na kipimo cha CRP (protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) kwenye damu ileile; kikiwa juu, namba ya vitamini D isomwe kwa tahadhari. Bora zaidi, subiri wiki 4 hadi 6 baada ya kupona.

Sababu ya pili ni mashine. Baadhi ya maabara hutumia kingamwili, nyingine huipima molekuli yenyewe kwa uzito wake, na sampuli moja inaweza kutoa majibu yanayotofautiana. Anayefuatilia mwenendo wake na abaki maabara moja.

Ya tatu ni biotini, ile iliyomo kwenye vidonge vya nywele na kucha. Dozi ya miligramu 5 au 10 huvuruga baadhi ya mashine za kingamwili: vitamini D huonekana iko juu kuliko ilivyo, huku homoni ya parathiroidi ikionekana iko chini. Kwa maneno mengine, huenda 31 yako ndiyo iliyokuwa na walakini. Kama unavitumia, acha angalau siku 3 kabla ya kutoa damu.

Kwa wanaopanga ratiba ya mwaka: vipimo viwili vinatosha. Kimoja kifanyike mwisho wa kipindi kirefu cha ukumbini au cha baridi, wakati akiba iko chini kabisa. Kingine mwisho wa msimu wa jua. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo itakayokuambia dozi ibadilike au isibadilike kwa majira.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo na kifafa, anashindana mchezo wa bocha. Anatumia fenitoini tangu utotoni. Amemeza vitamini D IU 1,000 kila siku mwaka mzima na bado yuko ng/mL 14. Sasa tumebadilishiwa matone kwa sababu vidonge vinamkwama kooni. Je, dawa ni feki?
*Mama wa mchezaji*

Mama, tuseme kwanza jambo ambalo hatutaki lisubiri: usipunguze wala kuacha fenitoini kwa ajili ya hili. Degedege moja ni hatari kuliko mwaka wa upungufu.

Haihitaji dawa iwe feki ili matokeo yawe hivyo. Fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni huamsha vimeng'enya vya ini, na vimeng'enya hivyo huivunja vitamini D kabla haijatumika. Unajaza ndoo yenye tundu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya vivyo hivyo. Kwa watu walio kwenye dawa hizo, mwongozo wa Endocrine Society wa 2011 tulioutaja ulishauri dozi mara 2 hadi 3 ya ile ya kawaida, na kwa mtu mzima angalau IU 6,000 hadi 10,000 kwa siku wakati wa kujaza, kisha 3,000 hadi 6,000 za kushikilia. Nyingi ya dozi hizo ziko juu ya kikomo cha IU 4,000 kwa siku ambacho mtu mzima anaweza kumeza bila usimamizi, hivyo ziandikwe na daktari na kalsiamu ya damu ipimwe. Kama mwanao bado hajafikisha utu uzima, hesabu ni nyingine na daktari wake ndiye wa kuipanga. Muulizeni pia daktari wa kifafa kama dawa isiyoamsha vimeng'enya ingemfaa. Kwa wengine inawezekana, kwa wengine haifai.

Matone sasa. Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, na hutokea kwa watu makini. Zipo chupa ambazo tone moja ni IU 400, na zipo ambazo IU 400 hizo ziko kwenye mililita nzima. Chupa zinafanana. Mtu aliyezoea mililita moja akihamia chupa ya tone moja, anaweza kumpa mtoto dozi ya mwezi kwa siku moja. Soma maneno mawili kwenye lebo, "kwa tone" au "kwa mililita", tumia kitoneshi kilichokuja na chupa hiyohiyo, na chupa ikibadilika soma upya. Tone lidondoshwe kwenye kijiko cha chakula atakachokimaliza. Ukilitia kwenye kikombe kizima cha kinywaji, mafuta yatashika ukingoni na nusu ya dozi itaoshwa jikoni.

Kama anapewa na kalsiamu ya vidonge au ya maji, itenganishwe na fenitoini kwa saa 2 hadi 3, maana inaweza kupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini.

Nanyanyua uzani. Nikipandisha vitamini D hadi ng/mL 60 au 70, nguvu itaongezeka?
*Mnyanyua uzani*

Kama sasa hivi uko 12, kuna la kutarajia. Upungufu mkali hulegeza misuli iliyo karibu na kiwiliwili, na kwa mtu wa kiti cha magurudumu dalili huanzia pale anapohama kutoka kiti kwenda kitandani: mabega yanakuwa mazito na mikono inatetemeka mwishoni mwa msukumo. Hapo kujaza akiba kunarudisha kilichopotea. Lakini kama uko 35, kwenda 70 hakukupi kilo moja juu ya benchi. Majaribio kwa wanamichezo wasio na upungufu hayajaonyesha faida ya kutegemewa. Kipo hata kisa cha onyo kutoka Australia, utafiti uliochapishwa 2010: wanawake wenye umri wa miaka 70 na zaidi walipewa IU 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka, wakaanguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Wewe si bibi wa miaka 70, lakini somo la mkupuo mkubwa linakuhusu. Lenga 30 hadi 50, kisha urudi kwenye kula na kulala.

Na kwa kuwa wanyanyua uzani hupunguza mwili kuingia daraja: ukila kidogo kuliko unachotumia kwa miezi, mifupa hudhoofika hata vitamini D ikiwa nzuri. Wa viti vya magurudumu hutumia nishati kidogo, hivyo sahani yao ni ndogo, na kwenye sahani ndogo samaki wa mafuta, viini vya mayai na maziwa yaliyoongezwa vitamini ndivyo hukosa nafasi mapema. Kiini kimoja kina IU 40 hivi tu, kwa hiyo chakula pekee hakitajaza ghala tupu.

Nimewahi kupata mawe kwenye figo mwaka wa kwanza baada ya ajali. Naogopa vitamini D. Nitajuaje nimezidisha?
*Mchezaji wa raga ya viti vya magurudumu*

Hofu yako ina msingi. Miezi ya kwanza baada ya jeraha la uti wa mgongo, mifupa isiyobeba uzito humwaga kalsiamu kwenye damu na mkojo kwa wingi. Katika kipindi hicho vitamini D na kalsiamu za kujiamulia zinaweza kuongeza mafuta kwenye moto. Miaka ikipita mmomonyoko huo hupungua, na kujaza akiba iliyo chini kwa dozi za kawaida huwa jambo la kufanyika, mradi lisimamiwe.

Tatizo liko kwenye swali lako la pili. Vitabu vinasema dalili za kuzidisha ni kiu, kukojoa sana, kufunga choo, kichefuchefu na uchovu. Hebu zitazame dalili hizo kwa macho ya mtu mwenye kibofu na utumbo visivyotii. Kukojoa sana kunaingia kwenye mfuko wa katheta bila kumsumbua. Choo kilifunga hata kabla ya vidonge. Uchovu ni wa mazoezi. Mwili wako unaweza kuwa unapiga kelele kwenye chumba ambacho milango yake imefungwa, kwa hiyo usingoje dalili.

Badala yake tumia namba. Kabla ya kuanza, pima kalsiamu ya damu, homoni ya parathiroidi na utendaji wa figo. Kuhusu figo, mwambie daktari asiridhike na kreatinini peke yake: kreatinini hutoka kwenye misuli, na mwenye misuli kidogo miguuni huonekana ana figo nzuri kuliko alizonazo. Kipimo cha sistatini C hakitegemei misuli kwa kiasi hicho. Rudia kalsiamu baada ya wiki 4 hadi 8 za dozi ya kujaza. Kwa mwenye historia ya mawe kama wewe, mkojo wa saa 24 upimwe kalsiamu. Pima pia wingi wa mkojo kwenye mfuko kwa siku tatu kabla ya kuanza, andika. Ukiona umeongezeka sana bila kunywa zaidi, toa taarifa.

Dozi yako iwe ya kila siku, ndogo, si mikupuo ya wiki. Kalsiamu ipate kwenye chakula, miligramu 1,000 hivi kwa siku kwa jumla, na vidonge vya kalsiamu viachwe mpaka daktari aseme. Usiende upande wa pili ukaikataa kalsiamu kabisa, maana ikikosekana tumboni, oksaleti (kemikali ya vyakula inayounda mawe) huingia kwa wingi na mawe huja kwa mlango huo. Na maji: tunajua wachezaji hupunguza kunywa siku za safari ili wasihangaike na katheta ndani ya ndege. Kwa mtu wa mawe, hiyo ndiyo tabia ya kuacha kwanza, kabla hata ya kujadili vidonge.

Sumu ya vitamini D kwa kawaida huonekana akiba ikipita ng/mL 150, na kwa kuwa imehifadhiwa kwenye mafuta, huchukua wiki au miezi kuisha hata ukiacha leo.

Vitamini D iko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni? Sindano je?
*Mkimbiaji*

Haimo kwenye orodha ya WADA (shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni), iwe kidonge, matone au sindano ya msuli. Kinachokatazwa ni dripu ya mshipa inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa ya matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi; kwa hiyo zile dripu za "mchanganyiko wa vitamini" zikatae hata kama kila kilichomo ni halali. Hatari nyingine ni uchafu wa kiwandani. Kidonge chenye vitamini D peke yake, kilichopimwa kwa toleo lake na mpango kama Informed Sport, ni salama kuliko kopo lenye viungo ishirini na ahadi ya nguvu. Namba ya toleo kwenye chupa ilingane na ile iliyopimwa, na uipige picha, kwa sababu kikipatikana kitu kwenye mkojo wako, mwenye kuwajibika ni wewe.

Mimi ni mtaalamu wa viungo wa timu. Tuna mchezaji mwenye jeraha la uti wa mgongo la zaidi ya miaka kumi. Vitamini D yake ni ng/mL 38, kipimo cha mifupa ya mgongo kimesema "kawaida". Nimwondolee wasiwasi wa kuvunjika?
*Mtaalamu wa viungo*

La, mwenzetu. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli na goti lake likawa kama ganda la yai. Baada ya jeraha la uti wa mgongo mifupa hupotea chini ya jeraha, na hupotea zaidi karibu na goti: mwisho wa chini wa mfupa wa paja na mwanzo wa mfupa wa muundi. Uti wa mgongo huendelea kubeba uzito akiwa ameketi, na mara nyingi una vyuma vya upasuaji au mifupa iliyoota pembeni, vitu vinavyoifanya picha ionekane imara kuliko ilivyo. Omba kipimo cha DXA (eksirei ya kupima wingi wa madini kwenye mifupa) kirudiwe kwenye nyonga na goti. Si kila kituo kina programu ya goti, kwa hiyo uliza kabla ya kumsafirisha.

Vitamini D ya 38 inamaanisha malighafi ipo. Haimaanishi mfupa unajengwa, kwa sababu mfupa hujengwa na mzigo, na mzigo haupo. Ndivyo ilivyo pia kwa mfupa wa paja wa upande uliokatwa mguu: hukonda kwa kutobeba, akiba iwe nzuri namna gani. Kama DXA itatoka mbaya, zungumzo la dawa za mifupa ni la daktari bingwa, na vitamini D iwe imeshajazwa kabla ya dawa hizo, la sivyo baadhi yake zinaweza kuishusha kalsiamu ya damu.

Kwenye kazi yako ya kila siku, mifupa ya namna hii huvunjika kwa mambo madogo: kuhamishwa kutoka kiti hadi kiti, mguu kunasa chini ya kanyagio, kunyooshwa goti lililokakamaa kwa nguvu, kuanguka na kiti uwanjani. Nyosha polepole ukishika karibu na kiungo. Usitumie muundi kama mpini. Kamba za miguu zifungwe kila mazoezi, hata ya kupasha moto.

Na kwa kuwa hatasikia maumivu, wafundishe wote timuni ishara hizi: goti au paja lililovimba upande mmoja, joto na wekundu, mkakamao ulioongezeka ghafla, mguu uliobadilika umbo. Uvimbe huo unaweza pia kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, kwa hiyo usikandwe, aende akapigwe picha siku hiyohiyo. Kwa mwenye jeraha la T6 na juu, mvunjiko unaweza kujitangaza kwa njia nyingine kabisa: kichwa kinagonga, jasho na wekundu juu ya jeraha, shinikizo la damu linaruka. Mketishe wima, legeza kila kilichobana, angalia katheta isiwe imekunjika au kibofu kujaa, pima shinikizo kila dakika 2 hadi 5, na mwite daktari hata kama kichwa kimetulia, maana kilichosababisha bado kiko mguuni.